Mjadala: Mtafiti wa nishati atuulize, au apime jikoni?

Mpangaji, Nyalenda (Kisumu)
Naanza mimi. Vijana wa utafiti wamepita ploti yetu wakiuliza tunapikia nini, na safari hii hawaishii kwenye maswali. Wanataka kufunga kidude cha kupima joto kwenye kila jiko, kinachoandika kila baada ya dakika chache kama linawaka au limepoa. Majirani wamegawanyika. Mimi nasema wafunge.

Sababu ni kwamba tukiulizwa tunajibu nusu. Sensa ya 2019 ilitaka nishati kuu ya kupikia, moja tu. Kwa nchi nzima, asilimia 55 ya kaya zilitaja kuni, 24 hivi gesi, na makaa hayakufika 13. Nyumba yangu ni ya gesi ukiniuliza mlangoni. Chai ni gesi, sukuma ni gesi. Lakini nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, za kukaa motoni kwa saa tatu haziwezi kugusa mtungi wangu wa kilo sita. Hizo ni za makaa, kila wiki. Makaa hayo yameandikwa wapi? Serikali ikipanga bei na kodi kwa hesabu ya namna hii, inampangia mtu asiyekuwepo.

Mama wa mandazi, Kondele
Ndugu yangu, wewe una mtungi, ndiyo maana huogopi. Kidude kikiandika jiko langu halikuwaka kutoka asubuhi hadi usiku, kitakuwa kimeandika nini? Kwamba siku hiyo watoto walilalia chai ya jirani. Hilo sijamwambia hata dada yangu, nije nimwekee mgeni kwenye kompyuta!

Halafu jiko langu moja linapika mandazi ya kuuza alfajiri na ugali wa nyumbani jioni. Hiyo ni nishati ya nyumbani au ya biashara? Kipimo hakijui. Mimi nikiulizwa vizuri, nitaeleza. Nitaeleza pia kwamba gesi ilipowekewa VAT ya asilimia 16 mwezi Julai 2021 niliurudisha mtungi chini ya kitanda. Aliyekuja Juni alikuta mwenye gesi, aliyekuja Agosti akakuta mtu wa makaa. Kosa ni la kuja mara moja na karatasi yenye maswali arobaini, si la kuuliza.

Fundi wa stima, Kaptembwo (Nakuru)
Mnabishana juu ya jiko na mmesahau mita. Ploti nyingi ninazofanyia kazi zina mita moja, vyumba vinane au zaidi. Chukua chumba kimoja kinachotumia yuniti 12 kwa mwezi: taa, simu, redio. Vyumba vinane ni yuniti 96. Kwenye rekodi za stima huyo ni mteja mmoja wa yuniti 96, si familia nane maskini. Tangu Aprili 2023 bei nafuu ya wateja wadogo inaishia yuniti 30, kabla ya hapo ilikuwa 100. Kila chumba kingekuwa na mita yake, vyote vinane vingelipa bei ya chini. Kwa sababu wanachangia mita moja, hakuna hata kimoja.

Sasa mtafiti anayechukua rekodi za mita na kuziita za kaya anapima landlodi. Na usisahau masharti: hakuna pasi, hakuna koili ya kuchemshia maji, ukikamatwa unahama. Mvuke wa Olkaria uko ndani ya kaunti yetu hii hii unafua stima usiku na mchana, na mtu wa Kaptembwo ananyoosha shati kwa pasi ya makaa. Ukimuuliza kwa nini hapikii stima atakwambia "ni ghali". Ukikaa naye kidogo atakwambia amekatazwa.

Bungoma hapa
Walipe kwanza. Mengine baadaye.

Mwalimu, Vihiga
Kwetu hicho kidude kingefungwa wapi, kwenye mafiga? Kwa kuni hutumia mizani: rundo linapimwa leo asubuhi, kesho linapimwa tena, tofauti ndiyo iliyochomwa. Kazi safi, ila mama akijua kuni zitapimwa, siku hizo anazima moto mapema na maharagwe yanangoja wageni waondoke. Kipimo nacho kina uongo wake.

Kuhusu siri, mama wa Kondele, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa nguvu: ridhaa uliyoitoa unaweza kuiondoa wakati wowote. Tatizo ni nani anayeitoa. Anayetia sahihi huwa mwenye boma, na anayeshinda na moshi ni mwingine.

Mama wa mandazi, Kondele
Hapo umenena, mwalimu. Wangu angetia sahihi kabla sijanawa unga mikononi.

Mpangaji, Nyalenda (Kisumu)
Nimewasikia, na bado nataka wapime. Ila fundi amenipa swali la kuwauliza wakirudi: mnahesabu mita au mnahesabu milango? Wakisema mita, waende. Na kidude kiwe na swichi ya kukizima, mikononi mwa anayepika. Bungoma, wakilipa sitakataa.

Fundi wa stima, Kaptembwo (Nakuru)
Na landlodi wako ameambiwa?

Mpangaji, Nyalenda (Kisumu)
Bado. Ana koili yake mwenyewe, sijui atasemaje.