Canon 40D ya zamani kwa michezo na picha za kila siku: nikomae nayo au nitafute nyingine?

Kiberenge
Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri, hasa mnaopiga picha za michezo.

Shangazi yangu kastaafu mambo ya kamera, kanirithisha Canon EOS 40D yenye lenzi mbili: 18-55mm ya kawaida na 50mm f/1.8. Ni toleo la 2007, megapikseli 10, video haina, lakini ukiing'ang'ania shata inanguruma kama cherehani na mimi nimeshaipenda.

Nataka kuitumia kwa mambo mawili. Wadogo zangu wanacheza mpira wa miguu mchana na kikapu ukumbini jioni. Halafu picha za kawaida tu: watoto nyumbani, wageni, mtaani nikitembea.

Sasa shida. Mpira wa nje, mchezaji anatoka na ukungu ila nyasi za nyuma yake unaweza kuzihesabu. Ukumbini ndiyo kabisa, giza na chenga (vidoa vidoa). Nyumbani afadhali, ila simu yangu inatoa picha angavu kuliko hiyo kamera bila mimi kuhangaika.

Je, bodi imechoka? Nibadilishe bodi au lenzi?

fremu_moja
Mkuu, nyasi zikitoka kali kuliko mchezaji, kamera ni nzima, imefokasi mahali pengine tu. AF (fokasi ya otomatiki) umeweka ipi? Na kasi ya shata?

Kiberenge
Nipo kwenye P (kamera inapanga shata na f yenyewe), AF ni One Shot, pointi zote tisa zinafanya kazi. Shata nje inakuja 1/250 ya sekunde, ukumbini inashuka hadi 1/60.

Babu wa Negativu
Mjukuu wangu, jibu lako lipo humo humo. One Shot ikishashika fokasi, inafunga. Mchezaji anakuja mbio upande wako, wewe umeshamshika, mpaka kioo cha ndani ya kamera kinainuka yeye kashapita pale. Ndiyo maana zinazotoka kali ni nyasi za nyuma. Hamia AI Servo, hiyo inaendelea kumfuata muda wote kidole kikiwa kwenye kitufe.

Halafu usiiachie kamera ichague pointi. Baki na ya katikati, iweke kifuani kwa mchezaji na umfuate kabla hujaanza kupiga, walau nusu sekunde, ili kamera ipime anakwenda kwa kasi gani. Wengi wanabonyeza yote kwa mkupuo mmoja halafu wanailaumu AF. Pointi zote tisa za 40D ni za msalaba, lakini ya katikati ina usikivu wa ziada ukifunga lenzi ya f/2.8 au iliyo wazi zaidi (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia). Hiyo 50mm yako imo.

Kingine ni kile kitufe cha AF-ON nyuma, kwenye dole gumba. Ingia C.Fn IV kwenye menyu, ya kwanza kabisa, uipange ili fokasi iwe kazi ya dole gumba na kitufe cha shata kibaki kupiga tu. Mwanzoni utaikasirikia. Ukizoea, refa akikatiza mbele yako unaachia dole gumba, anapita, unaendelea.

Kasi ya shata: 1/250 kwa mtu anayekimbia ni ndogo. Nje mchana weka Tv (wewe unachagua shata, kamera inachagua f), 1/1000, ISO 400 (ISO ni usikivu wa sensa kwa mwanga). Namba ya f ikianza kuwaka na kuzima kwenye kitundu cha kuchungulia, mwanga hautoshi, panda ISO. Siku ukitaka mwendo uonekane, mathalani mwendesha baiskeli anayepita pembeni yako, shuka hadi 1/60 na uzungushe kiuno pamoja naye.

Na usitegemee sana huo mngurumo. Fremu 6.5 kwa sekunde, kila moja 1/500, ni kama asilimia 1.3 tu ya sekunde nzima. Iliyobaki huna. Bonyeza mguu unapoondoka kuelekea mpira, si mpira ukishapigwa.

kisu_butu
Mimi ntasema ukweli mchungu. Uza. Mirolesi (kamera zisizo na kioo cha ndani) za sasa zinatambua jicho la mtu na kulifuata karibu fremu nzima, hizo habari za pointi ya katikati zimeshapitwa. ISO 6400 inatoka safi. Usije ukajaza lenzi kwenye mfumo wa DSLR (kamera za kioo kama hiyo) ambao kampuni zenyewe zimeuhama.

NusuGiza
kisu_butu hajakosea yote. Nje mchana hahitaji kuuza chochote, hapo 40D anaiweza hata kesho. Ukumbini ndiko inakoishiwa pumzi: ISO ya kawaida inaishia 1600, na 3200 ni mpaka uiruhusu kwenye menyu, inakaa kwa jina la H.

Mimi nina Nikon D300, rika moja na hiyo yako, nayo ni ya 2007. Ina pointi 51 na ISO ya otomatiki unayoiwekea mpaka wa shata na mpaka wa juu wa ISO, lakini ukumbini tunalia kilio kimoja. Dawa ni ile ile: toa 18-55mm kabisa, ukivuta hadi mwisho ni f/5.6, haina kazi humo. Funga 50mm, weka M (unapanga kila kitu mwenyewe), f/2, 1/500, ISO 1600. Ikiwa bado giza, shuka 1/400 kabla hujagusa 3200. Taa za ukumbi hazibadiliki katikati ya mchezo, kwa hiyo M ukishaipata unaisahau.

Utaona fremu moja imetoka njano, inayofuata imefifia. Usishtuke, zile taa zinapepesa mara 100 au 120 kwa sekunde, inategemea umeme wa mahali, na shata ya haraka inanasa kipande tu cha mpepeso. Canon walianza kuweka kinga ya hilo kwenye 7D Mark II mwaka 2014. Sisi wa bodi kuukuu tunapiga fremu mbili tatu kwa mkupuo tunachagua.

Tukiwa hapo, kwa msomaji mwingine anayewaza Nikon za enzi hizo: D300 ina mota ya fokasi ndani ya bodi, D40 na D60 hazina. Lenzi za AF-D (za zamani, zisizo na mota yao) kwenye hizo mbili utafokasi kwa mkono. Wengi wameingia mkenge hapo.

kisu_butu
Sawa, nje nakubali. Ukumbini sikubali hata kwa dawa.

Dada Lenzi
Kiberenge kaka, niongelee za kila siku maana wenzangu wamejaa michezo.

Simu yako inapiga fremu kadhaa kwa mpigo, inaziunganisha na kung'arisha vivuli bila kukuuliza. 40D inakupa fremu moja tu, iliyobaki ni kazi yako. Piga RAW (faili ghafi ya sensa), kaa na kompyuta, programu za sasa za kuondoa chenga zinaifanya ISO 1600 ya 2007 ipendeze kuliko ilivyowahi kupendeza enzi zake. Ila usipige giza ukitegemea kung'arisha baadaye. Ukiinua vivuli kwenye sensa ya zamani, chenga na mistari vinakuja navyo. Bora ISO 1600 yenye mwanga sahihi kuliko 400 ya kuinuliwa.

Usiamini kile kioo cha nyuma pia. Kina doti 230,000 tu, kila picha inaonekana laini hata ikiwa kali. Soma histogramu (grafu ya mwanga wa picha), picha utaikagulia nyumbani.

Kuhusu lenzi, 50mm kwenye sensa hii inaona kama 80mm, sebuleni utabaki umeegemea ukuta. Tafuta EF-S 24mm f/2.8 STM. Ni nyembamba, nyepesi, ni ya 2014 lakini inakubali 40D bila neno. Ndiyo itakayokufanya uibebe kamera, kwa sababu bodi hii ni nzito na ukiiweka lenzi kubwa itaishia kabatini.

Watoto ndani usiku: flashi ya nje, ielekeze kwenye dari jeupe. Ile ndogo ya kuibuka juu iache ilale.

spana_namba_10
Uliuliza kama imechoka, hakuna aliyekujibu. Shata ya 40D ilipimwa kwa mizunguko 100,000. Nikon huandika idadi ndani ya faili ya picha, 40D haiandiki, unaisoma kwa programu ya kompyuta na waya wa USB. Ikizidi hapo siyo kwamba inakufa, ila usiitegemee kwenye kazi ya watu.

Mulika tochi kwenye tundu la kadi, zile pini za CF (aina ya kadi ya 40D) zikipinda ni msiba, kwa hiyo kadi usiisukume kwa nguvu. Piga ukuta mweupe kwa f/16, madoa utakayoona ni vumbi la sensa. Ikiandika Err 99, futa kwanza migusano ya lenzi na betri. Na kama betri za BP-511A ni zile zile za zamani, nunua mpya kabla ya lenzi yoyote.

Kiberenge
Asanteni sana wakuu, shikamoo Babu. Nimejaribu leo nje: AI Servo, pointi ya katikati, 1/1000. Aisee, kamba za viatu zinaonekana! AF-ON bado inanichanganya, dole gumba linasahau.

Uzi umenivuruga sehemu moja tu. Nikipata lenzi moja ya michezo, iwe 85mm f/1.8 au 70-200mm f/4?

Babu wa Negativu
Marahaba. Uwanja au ukumbi, chagua mmoja. f/4 inapitisha robo ya mwanga wa f/2, maana yake ile 1/500 ya NusuGiza inageuka 1/125, na kikapu kwa 1/125 ni mikono isiyo na vidole. Ukumbini 85mm, ukae chini ya goli. Uwanjani 70-200mm, maana 85mm mchezaji wa upande wa pili atakuwa mdogo kama siafu.

Kiberenge
Kikapu ndiko ninakoenda mara nyingi. Basi 85mm. Keshokutwa kuna mechi, nitaenda na 50mm kwanza.

fremu_moja
Ukipiga RAW mfululizo, baada ya fremu kama 17 itasimama kuandika kwenye kadi, usidhani imekwama. Piga vipande vifupi. Na fomati kadi ndani ya kamera kabla hujatoka nyumbani.