Stika za kukata kwa mashine ya nyumbani: ipi ya kioo, ipi ya ukuta, ipi ya fulana?

KaratasiTupu
Wakuu, naomba ulinganisho kabla sijanunua roli. Kazi ni nne: maandishi ya kioo cha nyuma cha gari, majina kwenye chupa za maji za chuma, maneno ya ukutani sebuleni, na fulana za pamba. Mashine inakata upana wa sm 30. Naona roli za stika za kampuni ya Oracal, aina ya 631, 651 na 751, halafu kuna ile ya kubandika kwa pasi. Roli moja ya 651 haiwezi kubeba zile kazi tatu za kwanza?

Kisu45
Mbili itazibeba. Ukutani hapana.

Watu wengi huchagua kwa rangi, ila kinachoamua ni gundi. 631 ina gundi ya maji: inakamata kiasi na hubanduka bila kuacha unata. Uso wake haung'ai, kwa hiyo herufi zikikaa ukutani zinaonekana kama zimepakwa kwa brashi. 651 ina gundi ya kiyeyusho, ya kudumu. Ukiibandua ukutani baada ya miezi kadhaa, inaondoka na rangi ya ukuta, pengine hadi lipu inaonekana.

Ukizibadilisha unapata hasara upande wa pili. 631 kwenye gari huanza kuinuka pembeni, vumbi linaingia chini yake, basi. 651 nyeusi na nyeupe imekadiriwa kukaa nje hadi miaka 6, rangi nyingine ni pungufu ya hapo.

Na kama ukuta umepakwa rangi karibuni, subiri wiki 3 hadi 4. Rangi mbichi bado inatoa hewa, na hewa hiyo inaisukuma stika kutoka nyuma.

GundiNgumu
Naongezea kuhusu 751, maana inaachwa nyuma kwa sababu ya bei tu. Unene haupishani sana: 651 ni mikroni 63, 751 ni 60. Tofauti iko kwenye utengenezaji. 651 imepitishwa kati ya rola za moto ikavutwa, na mvuto ule unabaki ndani yake. Ikipata jua inajikunja kurudi ilikotoka. 751 imemwagwa ikiwa kimiminika kisha ikakaushwa, haina mvuto wa kurudi nao.

Kwa chupa: sehemu iliyonyooka, inayopinda upande mmoja tu, 651 inatosha kabisa. Ukipanda kwenye bega la chupa, panapopinda pande mbili, 651 itafanya mikunjo na siku chache baadaye ncha zinainuka. Hapo ni 751, au shusha jina chini kidogo.

Gusa chupa kabla hujakata chochote. Kama rangi yake ina chembechembe kama msasa laini, gundi inashika vilele vya chembe tu, na hakuna roli itakayokuokoa. Silikoni na plastiki za polipropili nazo hazishikiki vizuri. Chupa laini isafishe kwa spiriti ya isopropili, siyo sabuni ya vioo, maana nyingine huacha utando. Ukishabandika, iache siku 3 bila kuiosha, halafu ioshwe kwa mkono. Usipeleke stika mpaka mdomoni pa kunywea.

PasiMoto
Fulana ni habari nyingine kabisa. Gundi ya stika ya pasi inayeyuka na kuingia kwenye nyuzi. 651 ukiipiga pasi juu ya pamba itaonekana imeshika, kisha ikabanduka kwenye maji.

Kwa Siser EasyWeed, ambayo ni stika ya pasi, kwenye pamba: nyuzi 150 za Selsiasi, sekunde 10 hadi 15, mgandamizo wa wastani. Piga kitambaa kwanza sekunde 2 au 3 bila stika ili unyevu utoke. Kwa pasi ya kawaida zima mvuke, weka fulana juu ya meza ngumu (ubao wa kupigia pasi ni laini mno, unameza mgandamizo), kandamiza bila kuisukuma. Ukivuta plastiki ya juu inayobeba herufi na ncha ya herufi ikaja nayo, rudisha, ongeza sekunde 5.

Makosa mawili ya kila siku: kusahau kugeuza picha kushoto-kulia, kama inavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia, na kuweka upande usio sahihi. Plastiki hiyo inayong'aa inalala chini kwenye mkeka wa mashine, kisu kinakata upande wa gundi. Stika ya kawaida ni kinyume: rangi juu, karatasi chini, picha haigeuzwi.

Fulana za poliesta zenye rangi kali zinahitaji stika ya joto la chini. Kwenye joto kubwa rangi ya kitambaa inapanda, na herufi nyeupe zinageuka waridi. Stika ya pasi ya kumetameta iwe tabaka la mwisho juu. Uso wake ni mparuzo, kitu hakishiki juu yake. Osha baada ya saa 24, fulana ikiwa imegeuzwa ndani nje.

Kisu45
Chochote utakachonunua, kata jaribio la mraba wa sm 1 wenye pembetatu ndani. Ng'oa mraba: pembetatu ibaki imekaa. Kisha geuza karatasi ya nyuma uitazame kwenye mwanga. Inatakiwa uone mstari hafifu tu. Ukihisi mkwaruzo kwa kucha, kisu kimezama mno, na wakati wa kuchambua mabaki karatasi itachanika na kuja na herufi. Pembe zikikunjika au zikikatika nusu, kisu kimechoka au kina uchafu kwenye ncha. Usikimbilie kuongeza nguvu. Kisu cha nyuzi 45 kwa hizi zote, cha 60 kwa ya kumetameta.

Herufi zisipungue mm 6 kwa kimo.

KaratasiTupu
Nimeelewa: 651 kwa gari na chupa, 631 kwa ukuta, ya pasi kwa fulana. Kioo cha gari nibandike kwa maji ya sabuni?

GundiNgumu
Kama maandishi ni makubwa, ndiyo: maji na tone moja la sabuni ya vyombo, kisha sukuma maji kuanzia katikati kwenda nje kwa kadi ya plastiki. Tepu ya kuhamishia (inayobeba herufi kutoka karatasi ya nyuma hadi unapobandika) usiivute mpaka gundi imeshika. Ikigoma ngoja, halafu vuta ikiwa imelala juu ya kioo, usiinyanyue wima. 631 ibandike kavu. Na tepu ya ukutani iwe ya unata mdogo, la sivyo herufi zitabaki kwenye tepu badala ya ukutani.

PasiMoto
Tepu hiyo hiyo unaweza kuitumia tena mara kadhaa. Ikianza kuwa na vumbi la karatasi, itupe.