"Affect" na "effect": lipi kitenzi, lipi nomino?

Swali (Tanga)
Ndugu zangu, natayarisha kwa Kiingereza taarifa ya kikundi chetu cha ulinzi wa bahari kuhusu uvuvi wa mabomu, ambao huvunja matumbawe wanamokulia samaki. Niliandika: "Blast fishing effects the reef." Mhakiki amefuta kitenzi na kuweka "affects", ilhali kamusi yangu inaonyesha kuwa "effect" nalo huweza kuwa kitenzi. Naomba ufafanuzi.

Jibu (mwalimu wa Kiingereza, Tanga)
Mhakiki yuko sahihi. Kwa kawaida "affect" ni kitenzi, yaani kuathiri, na "effect" ni nomino, yaani athari au tokeo. Ndiyo maana tunasema "blast fishing affects the reef", lakini "the effect of blast fishing on the reef". Kinachowapoteza wengi ni ile "s" ya mwisho, ambayo kwenye kitenzi huonyesha nafsi ya tatu umoja, na kwenye nomino huonyesha wingi. Kamusi yako nayo haikukosea. "Effect" likiwa kitenzi humaanisha kuleta jambo mpaka likatimia, kama katika "to effect a change", kuleta mabadiliko. Sasa isome upya sentensi yako kwa maana hiyo: inadai kwamba mabomu ndiyo yanayouleta mwamba wa matumbawe, kinyume kabisa cha kilio chenu.

Jibu (mtafsiri, Bagamoyo)
Naunga mkono, na naongeza kwamba "affect" nalo huwa nomino katika saikolojia, likimaanisha hisia zinavyojidhihirisha kwa mtu, na hapo mkazo huwekwa kwenye silabi ya kwanza. Katika taarifa ya bahari halikuhusu. Linalokuhusu zaidi ni kwamba "athari" katika Kiswahili chetu imeelemea mabaya, ilhali "effect" halina upande. Mkieleza kwamba mwamba ulifungwa kwa muda usivuliwe na pweza wakakua, "the effects of the closure" ni manufaa au matokeo ya kuufunga. Ukiyaita athari, mvuvi atadhani amedhurika.

Muulizaji
Ahsanteni sana, nimeelewa. Sasa nimeandika: "Blast fishing affects the reef, and its effects can last for decades." Je, "its effects" imekaa sawa?

Mwalimu
Imekaa sawa. Ni nomino katika wingi, na "its" inarejelea uvuvi.