Seva imehamishwa jengo na jina lake sasa linapotosha: tuyapangeje upya majina ya mtandao wetu?

Fundi wa Isevya (Tabora)

Ndugu mafundi, habari za kazi. Ninasimamia mtandao wa chuo kimoja hapa Tabora mjini chenye majengo matatu, na ninaomba ushauri kabla hatujaongeza vifaa vingine. Utaratibu niliourithi ni wa kuipa kila mashine jina la mahali ilipo na kazi inayofanya, ndiyo maana seva inayotunza hesabu za ada inaitwa jengo-a-uhasibu. Seva hiyo ilikwisha kuhamishiwa Jengo C kwa sababu huko ndiko kwenye betri za akiba, na siku hizi inabeba pia mfumo wa maktaba. Lakini jina la zamani limeandikwa katika kila kompyuta ya ofisi na ndani ya programu ya ada yenyewe, hivyo hakuna anayethubutu kuligusa. Tena majina yetu yote ya ndani yanaishia na .local, na baadhi ya simu na printa mpya hushindwa kuyapata. Je, jina la mashine libebe maana au lisibebe? Wenzangu wanapendekeza majina ya mito: Ugalla, Malagarasi, Igombe.

Mtu wa Mwandiga (Kigoma)

Ndugu yangu, kabla ya kuchagua kati ya mito na majengo, tenganisha kwanza mambo mawili ambayo utaratibu wenu umeyafunga pamoja: mashine ni kitu kimoja, na huduma inayotolewa na mashine hiyo ni kitu kingine. Mhasibu hahitaji seva, anahitaji mfumo wa ada. Seva ikiungua kesho na mfumo ukawekwa kwenye nyingine, kwake yeye hakuna kinachopaswa kubadilika.

Nyenzo za kufanya hivyo unazo tayari. Zamani majina ya kompyuta zote za ARPANET, mtandao uliotangulia Intaneti, yalikuwa katika faili moja iliyotunzwa Stanford Research Institute huko California, na kila kituo kililazimika kuinakili. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alipendekeza DNS, mfumo unaogeuza majina kuwa anwani za mashine, ambao maelezo yake yaliandikwa upya mwaka 1987, na ndani yake imo rekodi (mstari wa maelezo ya jina) ya CNAME inayoruhusu jina moja kuwa lakabu ya jingine. Basi unda majina ya huduma, ada na maktaba, na kila moja lielekee kwenye mashine inayohusika. Watumiaji na programu wafahamu majina hayo tu. Jina la mashine libaki kwa mafundi. Siku ya kuhama utabadilisha mstari mmoja badala ya kuzunguka ofisi zote.

Zingatia mambo mawili yanayosahaulika. Cheti cha usalama cha tovuti ya ndani, kinachokithibitishia kivinjari kwamba tovuti ni yenyewe, lazima kitaje jina la huduma, la sivyo vivinjari vitakataa. Na kama mnashirikishana mafaili kupitia seva ya Windows, inaweza kuikataa lakabu mpaka uielekeze kuitambua, kwa hiyo jaribu kwanza na kompyuta moja.

Kuhusu jina la mashine yenyewe, nashauri lisibebe chochote kinachoweza kubadilika: si chumba, si idara, si jina la mtumiaji. Namba ya daftari la mali inatosha.

Mama Swichi (Kasulu)

Kaka wa Mwandiga umesema kweli kuhusu huduma, ila kwenye namba naomba tutofautiane. Fundi aliye ofisini anapomwelekeza mwenzake kwa simu, kati ya 0147 na 0174 ni rahisi sana kuzimwa mashine isiyohusika, na mashine hiyo inaweza kuwa ndiyo inayotunza matokeo ya mitihani. Mito haikosewi namna hiyo. Mwongozo wa Don Libes wa mwaka 1990, RFC 1178 (RFC ni nyaraka za kiufundi za Intaneti), ulishauri jambo hilohilo: tumia maneno halisi yenye mada moja, na usiipe mashine jina la mradi wake. Mimi ningewapa mito seva chache, na kompyuta za ofisini, ambazo ni nyingi na hubadilishwa mara kwa mara, ningezipa namba. Majina yasizidi herufi 15, kwa sababu Windows bado ina kikomo hicho, na tumia herufi, tarakimu na kistari tu.

Mtu wa Mwandiga (Kigoma)

Dada, kwa seva nakubali.

Nimalizie la .local. Tangu mwaka 2013, katika RFC 6762, mwisho huo umetengewa utaratibu ambao kifaa huuliza vifaa vyote vilivyo karibu nacho badala ya kuiuliza seva ya DNS. Simu zenu zinafuata kanuni hiyo, na ndiyo maana zinashindwa. Mwaka 2024 ICANN, shirika linaloratibu majina ya Intaneti, ilitenga .internal kwa mitandao ya ndani, lakini kwa kuwa chuo kina jina lake la .ac.tz, ningeweka neno "ndani" mbele ya jina hilo na kujenga yote chini yake, kwa sababu huko mtaweza kupata vyeti vinavyotambuliwa na vivinjari vyote, jambo lisilowezekana kwa .internal. Kumbuka tu kwamba majina yaliyo katika vyeti hivyo huchapishwa hadharani, kwa hiyo jina kama mishahara litaonekana na kila mtu. Ili kuepuka hilo, omba cheti cha nyota, yaani chenye alama ya nyota mahali pa jina la huduma, kinachofunika majina yote yaliyo moja kwa moja chini ya kikoa cha ndani.

Fundi wa Isevya (Tabora)

Nawashukuru sana. Je, jina la zamani lililomo ndani ya programu ya ada nilifanyeje?

Mama Swichi (Kasulu)

Usilifute. Libakize kama lakabu inayoelekea kwenye seva ileile. Siku mbili kabla ya badiliko, punguza muda wa rekodi kukaa kwenye kumbukumbu za kompyuta kutoka sekunde 86400 hadi 300, ili kosa likitokea liweze kurekebishwa ndani ya dakika chache. Kisha washa kumbukumbu za maswali kwenye seva ya DNS: zitakuonyesha ni kompyuta zipi bado zinaliulizia jina la zamani, nawe uzifuate moja baada ya nyingine. Fanya kazi hiyo wanachuo wakiwa likizo, na uliache jina hilo hadi msimu mmoja mzima wa malipo ya ada upite bila kompyuta yoyote kuliulizia.