Siagi ya karanga na matunda kwa anayetoka asubuhi sana

Binti Temeke: Wadau habari, naomba mawazo. Natoka home saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, muda wa kupika sina na maandazi kila siku nimeyachoka. Jirani kaniambia nile ndizi na siagi ya karanga, hivi inashikilia kweli mpaka mchana? Halafu za dukani nyingi naona zina sukari.

Mama wa Wawili: Inashikilia dada, tena vizuri. Vijiko viwili vya chakula vina kama gramu 7 za protini na mafuta yake ndo yanafanya usisikie njaa mapema, ndizi inaongezea nguvu ya haraka. Mi nachukua ndizi kisukari zile ndogo, napasua kwa urefu napaka katikati nafunika, dakika mbili niko mlangoni. Tende nazo tamu balaa, unatoa kokwe unajaza siagi. Ila kama una mtoto mdogo usimlambishe kijiko kizima, inanata kooni, mchanganyie kwenye uji.

Kaka wa Singida: Saga mwenyewe achana na masukari. Kaanga karanga moto mdogo, zikipoa zifikiche maganda upepete kwa ungo, tia kwenye blenda. Mwanzo utaona unga, halafu linakuwa donge na hapo ndo wengi wanaweka maji, USIWEKE hata tone, itagoma kulainika na itaharibika upesi. Zima blenda ipumzike isije ikaungua, washa tena, mafuta yenyewe yatatoka. Chumvi kidogo basi. Ikikaa mafuta yakapanda juu haijaharibika, koroga tu.

Mama wa Wawili: Niongezee hapo kwa kaka, chambueni karanga kwanza jamani. Zilizosinyaa, zenye ukungu au chungu tupa bila huruma, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga na inaharibu ini. Bei rahisi sokoni isikudanganye.

Binti Temeke: Asanteni sana, hiyo ya maji ningeingia mkenge kabisa. Epo je, si litakuwa jeusi mpaka nifike kazini?

Kaka wa Singida: Kamulia ndimu kidogo kabla hujapaka. Au beba zima na kisu, siagi kwenye kikopo, ukate hukohuko. Na muulize wa ofisini kabla hujamgawia, kuna watu karanga inawavimbisha koo.