Mjadala: Mtoda anayenyamaza anaona haya, au amechoka kuulizwa?

Wadau, salaam. Nimesoma mchango wa ndugu mmoja anayedai kwamba Watoda wa India wanaoficha kabila lao mjini wanaisaliti asili yao. Mimi nakataa.

Kwa wasiowajua: Watoda ni wafugaji wa nyati wa maziwa katika milima ya Nilgiri, jimbo la Tamil Nadu. Ni wachache mno, hawazidi elfu chache. Zamani ndugu wa tumbo moja waliweza kumwoa mwanamke mmoja. Mimba ikikua, mmoja wao, mara nyingi kaka mkubwa, alimkabidhi mke upinde na mshale mbele ya watu, na huyo ndiye aliyehesabiwa baba. Hakuna mtoto aliyebaki bila baba. Leo desturi ya ndugu kumwoa mke mmoja imetoweka, kilichobaki ni kicheko cha wageni.

Nilisoma Coimbatore, chini ya milima hiyo. Likizo moja tukapanda Ooty, mji ulio juu ya milima, dereva akatupeleka kwenye mund, yaani kijiji chao. Mama mmoja alikuwa ameketi nje ya nyumba yenye paa la mviringo kama nusu pipa, mlango mdogo kiasi kwamba huingii ila kwa kutambaa. Alikuwa anadarizi shuka nyeupe kwa nyuzi nyekundu na nyeusi. Hakuwa na mchoro. Alihesabu nyuzi za kitambaa kwa ncha ya sindano. Mtalii mmoja akamuuliza kupitia dereva: "Una waume wangapi?" Wenzake wakaangua kicheko. Mama hakuinua uso. Alifumua mshono, akaanza kuhesabu upya.

Kwangu mimi, lile lilikuwa jibu kamili.

Kuna atakayesema: watalii wanaleta hela, wavumilie. Hela ipi? Siku ile dereva tulimlipa sisi, mama hakupata kitu. Mwingine atasema wajitenge basi. Wajitenge waende wapi? Ooty yenyewe ilianzishwa na Waingereza katika malisho yao, na nyasi nyingi zikageuka mashamba ya chai na misitu ya mikalitusi. Wageni ndio waliowafuata nyumbani.

Tena tujitazame na sisi. Kwetu mzee mwenye wake wanne anaamkiwa shikamoo kwa heshima zote, wala hakuna anayemsimamisha barabarani kumuuliza zamu za usiku. Nyani haoni kundule.

Anayetaka kujua ndoa za Kitoda asome, mwanaanthropolojia Mwingereza W.H.R. Rivers alichapisha utafiti wake mwaka 1906, na Watoda wenyewe wameeleza mengi tangu hapo. Akitaka mazungumzo, aulize kuhusu ule udarizi, ambao mwaka 2013 ulisajiliwa nchini India kwa alama ya kijiografia, yaani ulinzi wa jina la bidhaa kwa mahali ilikotoka. Hapo utaona mtu anavyofunguka.

Chuoni nilikuwa na mwenzangu Mtoda. Akiulizwa kwao, alijibu "Ooty", basi. Miaka mitatu mizima. Nilidhani anaona haya, na nakiri nilimhukumu moyoni kama ndugu yetu anavyohukumu sasa. Siku ya mahafali akaja amejitanda shuka ya bibi yake, ile nyeupe yenye mistari myekundu na myeusi. Hakumweleza mtu yeyote, na safari hii sikuuliza.

Karibuni tuijadili.