Babu alizama na meli ya Khedive Ismail mwaka 1944. Ni kweli walipigwa mabomu na manowari zao wenyewe?

Mjukuu_wa_Mzinga:
Wakuu, habari zenu. Babu mzaa baba alikuwa mpiga mizinga, kikosi cha 301 cha East African Artillery. Alipandia meli Kilindini Februari 1944, safari ya Ceylon (Sri Lanka ya leo), na hakurudi. Nyumbani Kitui waliambiwa kwa barua "amepotea baharini", basi. Bibi aliishi miaka sitini na kitu akisubiri mtu amweleze zaidi, amefariki mwaka jana bila kuelezwa. Kwenye matanga baba mdogo akasema waliosalimika walikuwa wakiogelea, kisha manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiwasindikiza zikawarushia mabomu. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kuna anayejua mambo ya nyambizi anieleze? Nataka ukweli hata kama unauma.

Likoni_Kwetu:
Pole sana ndugu. Majina ya kikosi hicho yako kwenye ukumbusho wa makaburi ya vita, barabara ya Ngong, Nairobi. Kuhusu mabomu, msubiri mzee Sikio_la_Bahari. Yeye amekaa ndani ya nyambizi.

Sikio_la_Bahari:
Kijana wangu, pole kwa bibi na pole kwa babu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilihamia Marekani kijana, nikapata uraia, nikatumikia miaka tisa kwenye nyambizi za aina ya Los Angeles. Kazi yangu ilikuwa sona, yaani kusikiliza. Chini kule huoni kitu, hakuna dirisha. Unavaa vidude vya masikioni na unaijua dunia kwa sauti: kamba wakitatarika kama mafuta ya kukaangia, nyangumi, pangaboi la meli ya mizigo iliyo mbali sana. Tulikuwa watu zaidi ya 130, wadogo kwa cheo tukipokezana vitanda, mmoja anaamka, mwenzake anaingia kabla godoro halijapoa. Sijawahi kurusha torpedo, yaani kombora linalokimbia ndani ya maji, kwenye meli yenye watu. Lakini nimefanya mazoezi hayo mara nyingi mno, na kila mara tulipohesabu sekunde za torpedo kufika, nilikuwa upande wa anayewinda. Habari ya Khedive Ismail ndiyo iliyonihamisha upande, kwa sababu waliokuwa juu walikuwa watu wa kwetu.

Sasa swali lako. Ndiyo, ni kweli.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, mchana, karibu na Maldivi. Meli tano za abiria, zikisindikizwa na manowari Hawkins, Paladin na Petard. Nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa torpedo mbili. Torpedo za nyambizi za Kijapani zilitumia oksijeni badala ya hewa ya kawaida, kwa hiyo hazikuacha mstari mrefu wa mapovu ambao mlinzi angeuona mapema. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika tatu. Ndani yake walikuwa watu 1,511. Waliookolewa ni 214 tu.

Paladin ikashusha mashua kuokota watu. Petard ikaenda kuwinda, na nyambizi ilikuwa chini ya hao hao waliokuwa wakiogelea. Bomu la kina ni pipa la baruti linalolipuka likifika kina lilichopangiwa. Nyambizi ina ganda la chuma, inaweza kustahimili mlipuko ulio mbali kidogo. Mtu aliye majini hana ganda. Maji hayabonyei kama hewa, msukumo wote unaingia mapafuni na matumboni.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Nyambizi ya aina ile ilibeba torpedo 17, na mbele yake zilikuwepo meli nne zilizojaa watu. Kwa hesabu ya kikazi naelewa kwa nini mabomu yalitupwa. Lakini hesabu hiyo aliifanya mtu aliyesimama kwenye sitaha kavu, na babu yako hakuulizwa. Mimi siwezi kukuambia "ilibidi" nikaishia hapo. Nyambizi ililazimika kuibuka, Paladin ikajaribu kuigonga ikachanwa ubavu, mwisho torpedo ya saba ya Petard ndiyo iliyoizamisha. Nao karibu mia moja walikufa humo, mabaharia kama mimi, wenye mama zao.

Mama_Zahanati:
Shikamoo mzee. Nimesoma pia kulikuwa na wauguzi humo.

Sikio_la_Bahari:
Marahaba mama. Wanawake 77 walikufa, wengi wao wauguzi. Sita tu ndio waliotoka.

Mjukuu_wa_Mzinga:
Shikamoo mzee, na asante sana kwa kunijibu bila kuficha. Niulize moja tu: kuna uwezekano hakufika hata majini?

Sikio_la_Bahari:
Upo, na ni mkubwa. Meli ikizama kwa kasi ile, aliye sitaha za chini hapati hata ngazi. Taa zinazimika, sakafu inageuka ukuta. Wengi walikuwa ndani saa ile. Waliofika majini walikuwa wachache kulinganisha na waliobaki ndani, kwa hiyo usiibebe picha ya mabomu kana kwamba umeiona ikimtokea yeye.

Sisi tuliotumikia nyambizi huku tuna desturi: kila mwaka tunagonga kengele mara moja kwa kila nyambizi ya Marekani iliyopotea katika Vita Kuu ya Pili. Zilikuwa 52, na zaidi ya watu 3,500. Huwa nasimama pale nikiwafikiria pia wapiga mizinga wa Kilindini, ambao sijawahi kusikia wakigongewa kengele. Desemba nakuja Nairobi. Nitumie jina kamili la babu, na la baba yake, kwenye ujumbe wa faragha. Nitalitafuta ukutani kwa kidole changu.

Mjukuu_wa_Mzinga:
Nimekutumia mzee. Karani aliyeandika ile barua alikosea herufi ya kwanza, kwa hiyo ukilikosa kwenye M, tafuta kwenye N. Na usiende peke yako, baba anataka kuja.